Ritani ya kodi ya mauzo Texas kwa Webfile: jibu kwa dada wa duka la Fort Worth

Dada, nimesoma swali lako lote. Una duka la vyakula vya nyumbani Fort Worth, umelifungua katikati ya robo mwaka, barua imekufikia kutoka kwa Comptroller, yaani ofisi inayokusanya kodi za jimbo la Texas, ndani yake kuna namba ya Webfile, yaani mfumo wao wa kufaili ritani mtandaoni, tarehe 20 inakaribia, na hujui zile jumla tatu unazoulizwa kwenye skrini zinatoka wapi. Tena mdau mmoja hapo juu kakwambia kwamba kwa kuwa mauzo bado madogo, usubiri mwaka uishe ufaili kwa mpigo. Mimi nina duka la aina hiyohiyo upande wa Dallas, ritani nafaili mwenyewe, na wenzangu kadhaa wenye maduka huja na kompyuta zao nikawasaidia robo inapoisha. Nitakujibu kwa kirefu maana naona wengi wanapita hapa na swali lilelile.

Kwanza hilo la kusubiri: usisubiri, tafadhali. Ratiba ya kufaili hujipangii, Comptroller ndiye anayekupangia. Mwenye duka ambaye kodi yake ya jimbo haifiki dola 500 kwa mwezi, au 1,500 kwa robo mwaka, hufaili kila robo. Akizidi hapo anafaili kila mwezi. Wanaofaili mara moja kwa mwaka ni wale ambao kodi yao ya jimbo haifiki dola 1,000 kwa mwaka mzima na wamekubaliwa kufanya hivyo. Wewe umeandikiwa robo mwaka, kwa hiyo tarehe zako ni 20 Aprili, 20 Julai, 20 Oktoba na 20 Januari. Siku hiyo ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu ya serikali, inasogea hadi siku ya kazi inayofuata.

Na hata robo ambayo hukuuza kitu kabisa unafaili, unaweka sifuri. Ritani iliyochelewa inatozwa faini ya dola 50 hata kama kodi yenyewe ni sifuri. Kama kuna kodi, juu ya hizo 50 unaongezewa asilimia 5 ukichelewa siku 1 hadi 30, asilimia 10 ukipitisha siku 30, na kuanzia siku ya 61 riba nayo inaanza kuhesabika. Namjua mwenye duka ambaye biashara yake ililala miezi kadhaa, hakufaili, akaja kukuta hamsini zimepangana moja juu ya nyingine kwa duka ambalo halikuuza hata kiberiti. Anayekushauri usubiri hatakuwepo siku unazilipa.

Sasa kabla ya kugusa kompyuta, kuna jambo linalowachanganya sana watu wanaotoka Tanzania na Kenya. Tumekua na VAT: asilimia 18 Tanzania bara, 16 Kenya, ritani tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Tarehe inafanana, ndiyo maana mtu anadhani na kodi ni ileile. Siyo. Kwenye VAT unalipa kodi unaponunua mzigo, unatoza unapouza, halafu kwenye ritani unatoa ile uliyolipa kutoka ile uliyotoza. Texas hakuna kutoa. Kodi inatozwa mara moja tu, kwa mtu wa mwisho anayekwenda kutumia bidhaa. Wewe unayenunua ili kuuza hutozwi kabisa, mradi umempa muuzaji wa jumla cheti cha kununua kwa ajili ya kuuza tena, fomu 01-339, chenye namba ya tarakimu 11 ya kibali chako cha kodi ya mauzo. Umpe cheti kilichojazwa na kusainiwa. Kumwonyesha kibali cha ukutani peke yake hakutoshi.

Matokeo yake ni haya: friji ya duka, rafu, taa, feni, kompyuta ya kaunta, hivyo wewe ndiye mtumiaji wa mwisho. Unavilipia kodi dukani na hurudishiwi. Nimeshakutana na mtu aliyekuwa akitoa kodi ya friji yake kwenye ritani kama alivyozoea Kariakoo. Hapa hiyo hesabu haipo.

Tuje dukani kwako. Ukiniuliza ritani inajazwa wapi, nitakwambia inajazwa kwenye kaunta, kila siku, kitu kinapopita kwenye mashine. Kule kwenye Webfile unakwenda kunakili tu. Mtu ambaye mashine yake ya mauzo imepangwa vizuri anamaliza ritani kabla chai haijapoa. Ambaye hakuipanga anakaa na maboksi ya risiti hadi usiku wa manane wa tarehe 20, na bado anachoandika ni cha kukisia.

Kupanga maana yake ni kuamua kila bidhaa iko upande gani, yenye kodi au isiyo na kodi. Texas haitozi kodi chakula cha kwenda kupika nyumbani. Unga wa ugali, mchele, maharage, dagaa, samaki wa kukausha, mafuta ya mawese, sombe iliyogandishwa, nyama mbichi ya mbuzi, majani ya chai, kahawa, chumvi, sukari, maji ya chupa: vyote hivi havina kodi. Duka kama letu, sehemu kubwa ya mauzo iko hapa, na ndiyo maana mtu anayetoza asilimia 8.25, kiwango kamili cha kodi hapa kwetu, kwenye kila kitu anawaumiza wateja wake bure. Tena akizitoza hizo pesa kwa jina la kodi hawezi kubaki nazo. Ama amrudishie mteja, ama azipeleke kwa jimbo.

Upande wa pili kuna soda. Kinywaji chochote kisicho na kileo kilichotiwa utamu kinahesabiwa soda, hata kama ni chai ya chupa yenye sukari. Kinachotoka kwenye kundi hilo ni kinywaji chenye maziwa, au chenye zaidi ya nusu yake juisi halisi ya tunda au mboga. Kwa hiyo ile juisi ya embe tunayoagiza wote, igeuze chupa usome asilimia ya juisi. Ikiandika 25, hiyo ina kodi. Ikiandika 100, haina. Zinakaa rafu moja, bei inakaribiana, na kwenye mashine zinatakiwa kuwa upande tofauti. Pipi na chokoleti zina kodi. Bia na mvinyo vina kodi.

Kisha vyakula vilivyoiva. Sambusa unayoipasha moto ukampa mteja ale ina kodi. Sambusa ileile, mbichi, imegandishwa kwenye pakiti ya dazeni ya kwenda kukaanga nyumbani, haina kodi. Chipsi, nyama choma, wali wa sahani, vyote vina kodi. Mandazi huingia kwenye kundi la vitu vya bekari pamoja na donati na mikate, na dukani kwako hayatozwi ilimradi huyatoi na sahani wala uma. Ukiyaweka kwenye sahani pale kwenye kimeza cha pembeni, hali inabadilika.

Visivyo chakula kwa ujumla vina kodi: sabuni, mafuta ya kupaka, nywele za bandia, sufuria, mwiko, mikeka, vitenge. Lakini kuna vichache vilivyotolewa ambavyo mashine nyingi za zamani bado zinavitoza. Tangu 1 Septemba 2023 Texas iliondoa kodi kwenye nepi za watoto na za watu wazima, pedi na bidhaa nyingine za hedhi, vitambaa vya kufutia watoto, chupa za kunyonyeshea na nguo za wajawazito. Dawa za kununua bila cheti cha daktari, zenye lile jedwali la Drug Facts nyuma ya boksi, hazina kodi pia. Angalia mashine yako leo kama inawatoza akina mama kodi ya nepi. Kama inatoza, irekebishe kabla ya mteja wa kesho asubuhi.

Umesema umekubaliwa kupokea kadi ya Lone Star, ile ya Texas ya kulipia chakula kwa msaada wa serikali. Chakula kilicholipiwa kwa hiyo kadi, upande wa SNAP (mpango wenyewe wa msaada wa chakula), hakitozwi kodi hata kama ni aina ambayo ingetozwa ikilipiwa kwa pesa taslimu. Mashine ikiwa imeunganishwa vizuri na ile kadi, hesabu hiyo inajitoa yenyewe. Jaribu kwa risiti moja uone.

Nimekaa sana hapa kwa sababu ukishaligawa duka hivi, zile jumla tatu za ritani zinakuwa zimeshapatikana.

Ya kwanza ni mauzo yote ya Texas: kila ulichouza kwenye robo hiyo, chenye kodi na kisicho na kodi, bila kuweka ndani ile kodi uliyotoza. Hapa ndipo wengi wanapoandika pesa yote iliyoingia kwenye droo na benki. Pesa ya droo ina kodi ndani yake. Ya pili ni mauzo yenye kodi peke yake, nayo bila kodi. Ya tatu ni manunuzi yenye kodi, na hiyo nitaieleza hivi punde kwa sababu watu karibu wote wanaandika sifuri bila kufikiri.

Tuchukue mfano. Tuseme robo yako, bila kodi, mashine inakwambia umeuza dola 31,480. Kati ya hizo, sabuni, soda, vitenge, sambusa za moto na wenzake ni 9,260. Mauzo yote: 31,480. Mauzo yenye kodi: 9,260. Kama mashine yako inakupa ile jumla ndogo ikiwa na kodi ndani, utaona 10,023.95. Usikate asilimia 8.25 ya hiyo, utapata jibu lisilo sahihi. Gawanya kwa 1.0825, unarudi kwenye 9,260 kamili. Kwenye ritani unaandika dola nzima bila senti.

Sasa manunuzi yenye kodi. Hivi ni vitu ulivyonunua bila kulipa kodi, kisha ukavitumia mwenyewe badala ya kuviuza. Umechukua katoni ya soda kwenye rafu kwa ajili ya sherehe ya mtoto, umechukua sabuni ya kusafishia duka, vyote ulivinunua kwa cheti bila kodi: unadaiwa kodi yake kwa bei uliyonunulia, siyo bei ya kuuzia. Umeagiza mzani mtandaoni kwa muuzaji wa jimbo lingine na hakukutoza kodi ya Texas: nao unaingia hapa. Unga uliopeleka nyumbani hauingii, kwa sababu unga hauna kodi hata ungeununua kama mteja. Weka daftari dogo chini ya kaunta, kila unapotoa kitu kwa matumizi yako andika tarehe, kitu na bei ya kununulia. Tuseme sabuni na soda ni dola 60 na mzani 80, jumla 140.

Hesabu sasa: 9,260 jumlisha 140 ni 9,400. Fort Worth ni asilimia 8.25, nayo imegawanyika hivi: 6.25 ya jimbo, 1 ya mji, nusu ya wilaya ya kuzuia uhalifu, nusu ya usafiri wa umma. Houston na Dallas jumla ni hiyohiyo ila mgawanyo ni tofauti, na sheria hairuhusu popote Texas kupita 8.25. Kodi yako ni dola 775.50. Kwa kufaili na kulipa kwa wakati unaachiwa asilimia 0.5 ya kodi, ambayo hapa ni 3.88. Unalipa 771.62.

Chukua ritani hiyohiyo uifaili na kuilipa siku 12 baada ya tarehe. Zile 3.88 hupati, asilimia 5 ya kodi ni 38.78, faini ya kuchelewa 50. Jumla 864.28. Dola 92.66 zimeondoka, na kwa faida ya kilo moja ya mchele unajua mwenyewe utauza magunia mangapi kuzirudisha.

Sehemu ya kompyuta yenyewe ni fupi. Ingia kwenye tovuti ya Comptroller, fungua akaunti ya Webfile kwa barua pepe unayoifungua kila siku, siyo ya mtoto wala ya aliyekusajilia kampuni. Utaulizwa namba yako ya mlipakodi ya tarakimu 11 na namba ya Webfile, ile inayoanza na RT ikifuatiwa na tarakimu sita, iko kwenye barua uliyopata. Namba hiyo ni ufunguo wa hesabu zako, usiipige picha ukaituma kwenye makundi ya WhatsApp. Ukishaiunganisha na akaunti huhitaji kuitafuta tena robo ijayo.

Chagua kodi ya mauzo na matumizi, chagua kufaili ritani mpya, kisha hakikisha kipindi. Soma kipindi mara mbili. Mtu anayefaili Aprili anafaili Januari hadi Machi, na kwa kuwa wewe umefungua katikati ya robo, unaweka mauzo tangu siku uliyofungua tu. Utaulizwa kama unadai marejesho ya kodi iliyolipwa kimakosa na maswali mengine machache ya namna hiyo. Kwa duka jipya kama lako jibu huwa hapana. Kisha inakuja orodha ya maeneo ya biashara. Wewe unalo moja. Angalia anwani kama ni ya duka na siyo ya nyumbani, kwa sababu mgao wa mji unatoka hapo. Jaza zile jumla tatu. Mfumo unapiga hesabu ya kodi, unatoa punguzo, unakuonyesha unachodaiwa. Linganisha na ulichopiga kwenye karatasi. Isipolingana, rudi nyuma utafute sababu kabla ya kubonyeza chochote, na mara nyingi utakuta ni kodi iliyoachwa ndani ya jumla ya kwanza au ya pili.

Kulipa: weka namba ya benki ya tarakimu tisa na namba ya akaunti yako, wanakata moja kwa moja. Kadi wanapokea pia lakini kuna ada ya huduma ambayo hairudishwi, sioni sababu ya kuilipa. Unaweza kufaili mapema, tuseme tarehe 5, na kupanga pesa ikatwe tarehe 20. Hivi ndivyo ninavyofanya na ndivyo ninavyomshauri kila mtu. Ukimaliza unapewa namba ya uthibitisho. Ipige chapa au ihifadhi kama PDF kwenye folda ya robo hiyo pamoja na ripoti ya mashine. Folda hizo zitunze miaka minne, kwa sababu kwa kawaida wakaguzi wanaweza kurudi nyuma kiasi hicho. Ukigundua kosa baadaye, Webfile hiyohiyo ina sehemu ya kufaili marekebisho.

Kuhusu hiyo pesa yenyewe, dada, hapa naomba unisikilize vizuri. Zile 775.50 hazikuwa zako hata siku moja. Sheria ya Texas inazichukulia kuwa amana ya jimbo uliyokabidhiwa na mteja, na mwenye biashara anayezitumia kwa makusudi anaweza kudaiwa yeye binafsi, kampuni iwe LLC (ile ambayo kwa kawaida madeni yake hayamgusi mwenyewe) au isiwe. Nimeona maduka mazuri yakifungwa kwa hili. Mwenye duka siyo mwizi: kodi ya pango imefika, mzigo wa kontena umekwama, pesa ipo kwenye akaunti, anaitumia akisema atairudisha. Robo inafika, haipo. Fungua akaunti ya pili benki, na kila Jumatatu hamishia kodi ya wiki iliyopita. Mashine inakupa jumla yake, dakika mbili tu. Usiunganishe kadi na akaunti hiyo.

Usifikiri pia kwamba wanategemea ulichowaandikia tu. Kwa bia, mvinyo na sigara, wasambazaji wanatakiwa kisheria kupeleka kwa Comptroller taarifa za walichowauzia wenye maduka. Ukinunua bia nyingi na ritani yako ikaonyesha mauzo yenye kodi kidogo, wao wanaona pengo kabla yako.

Umeuliza pia kuhusu mama ntilie wa kwenu anayenunua kwako mafuta na soda kwa ajili ya mgahawa wake, na kanisa linalochukua soda za harusi. Mama wa mgahawa akikupa cheti kilichojazwa cha kununua ili auze tena, soda zake humtozi kodi, zinaingia kwenye mauzo yote lakini haziingii kwenye yenye kodi. Asipokupa cheti, mtoze, hata kama ni shoga yako wa miaka mingi. Siku ya ukaguzi bila karatasi hiyo kodi ni yako. Kanisa lililopata msamaha linajaza upande wa msamaha wa fomu hiyohiyo 01-339. Mchungaji akija na maneno matupu, mwambie kwa heshima kwamba karatasi inawalinda wote wawili. Ila angalia ni kanisa linalonunua. Soda za harusi ya muumini zilizolipwa na kamati ya familia siyo manunuzi ya kanisa.

Kuhusu wateja wa kukopa: kama unahesabu mauzo siku bidhaa inapotoka, deni linaingia kwenye robo hiyo hata kama hajalipa, kama unahesabu siku pesa inapoingia, linaingia siku hiyo. Chagua njia moja, ifanane na vitabu vyako vingine, usirukeruke.

Vitenge unavyouza kupitia Etsy au Amazon, tangu 1 Oktoba 2019 soko lenyewe ndilo linalotoza na kupeleka kodi ya Texas. Wewe unayaweka mauzo hayo kwenye mauzo yote na kuyaacha nje ya mauzo yenye kodi, na uwe na maandishi ya soko hilo yanayothibitisha kwamba wanatoza. Unachomtumia mteja wa jimbo lingine moja kwa moja hakina kodi ya Texas, lakini tunza stakabadhi ya posta. Na ile wikendi ya Agosti ya msamaha wa kodi kabla shule hazijafunguliwa, gauni la kitenge lililoshonwa chini ya dola 100 linaingia, kitambaa cha kitenge cha kukata hakiingii. Badilisha kwenye mashine Ijumaa asubuhi na rudisha Jumatatu.

Kwa wadau wa Ohio, Minnesota, Arizona na kwingineko: tovuti, tarehe, viwango na orodha ya vyenye kodi vyote ni vya jimbo lako, usinakili nilichoandika hapa. Walioko Oregon, Montana, New Hampshire na Delaware hawana kodi hii ya jimbo kabisa.

Dada, leo fanya mawili tu: ingia Webfile uone kama akaunti inafunguka, na toa ripoti ya mashine tangu siku uliyofungua duka. Ukikwama kwenye manunuzi yenye kodi au jumla hazilingani, niandikie hapahapa hesabu zako, bila namba ya kibali wala ile ya RT, nami nitazipitia jioni nikishafunga duka.